Mwongofu na Urithi: Nani Anastahili Safari ya Kwenda Israeli?

Swali la "Mswahili ni nani?" si geni katika idara za Kiswahili nchini Kenya. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff walilitungia kitabu kizima mnamo 1994, na hata baada ya kitabu hicho mabishano hayakukoma. Wapo wanaomtambua Mswahili kwa nasaba, wapo wanaomtambua kwa lugha, na wapo wanaosisitiza dini, makao na mila. Mwanafunzi aliyewahi kuketi darasani akasikiliza malumbano hayo hatastaajabu akiambiwa kuwa Wayahudi nao wana swali lao la aina hiyo hiyo: Myahudi ni nani? Pengine kitakachomstaajabisha ni mahali ambapo swali hilo hujibiwa siku hizi. Limejibiwa bungeni, limejibiwa mahakamani, na limejibiwa pia katika fomu ya kijana anayeomba kulipiwa safari ya siku kumi.

Safari hiyo huandaliwa na shirika liitwalo Birthright Israel. Lilianzishwa mnamo 1999 kwa fedha za matajiri wa Kiyahudi wa Amerika Kaskazini, wakiongozwa na Charles Bronfman na Michael Steinhardt, pamoja na mchango wa serikali ya Israeli na wa jumuiya za Kiyahudi ulimwenguni. Kijana wa Kiyahudi anayeishi nje ya Israeli, mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, hulipiwa nauli, malazi na chakula, kisha huzungushwa nchini humo akaonyeshwa Yerusalemu na Ukuta wake wa Magharibi, ngome ya Masada, Bahari ya Chumvi na kadhalika. Zaidi ya vijana 800,000 wamekwisha kusafiri kwa njia hiyo. Vita vilivyoanza Oktoba 2023 viliikatiza mipango hiyo kwa muda, lakini havikuifuta.

Chanzo chake kilikuwa hofu. Utafiti uliofanywa Marekani mnamo 1990 ulidai kuwa takriban nusu ya Wayahudi waliofunga ndoa katika miaka iliyotangulia walikuwa wamefunga ndoa na watu wasio Wayahudi. Wataalamu walizibishania takwimu hizo baadaye, lakini wafadhili walikuwa wamekwisha kushtuka. Waliona kizazi kizima kikiyoyoma, kikibaki na majina ya Kiyahudi pasipo Uyahudi wenyewe. Dawa waliyoiona ni kumpeleka kijana akaione nchi ya mababu kwa macho yake. Hapo ndipo neno "mababu" linapoanza kuzua matatizo, kwani wamo miongoni mwa waombaji watu ambao mababu zao hawakuwa Wayahudi. Hawa ni waongofu, yaani watu walioingia Uyahudini kwa hiari yao wenyewe. Je, nao wana urithi wa kwenda kuutazama?

Jina la shirika lenyewe lina la kumwambia mpenzi wa lugha. Kwa Kiingereza linataja haki aipatayo mtu kwa kuzaliwa tu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekutana na dhana hiyo katika kisa cha Esau na Yakobo, ambamo inaitwa haki ya mzaliwa wa kwanza. Ila kwa Kiebrania shirika huitwa Taglit, na maana yake ni ugunduzi. Majina haya hayatafsiriani. La kwanza linatazama damu na la pili linatazama safari. Anayezaliwa na kitu hahitaji kukigundua, na anayekigundua huenda hakuzaliwa nacho. Tena ni ajabu kwamba walioteua jina la kwanza hawakukumbuka mwisho wa kisa hicho. Esau, aliyekuwa na haki ile kwa kuzaliwa, aliiuza kwa mkate na chakula cha dengu, na taifa zima la Israeli likatokana na yule ambaye hakuzaliwa nayo.

Kwa mujibu wa masharti ya shirika, mwombaji anapaswa kujitambua kuwa Myahudi na asiwe mfuasi wa dini nyingine. Zaidi ya hayo, ama awe na mzazi mmoja aliye Myahudi, ama awe amekamilisha uongofu kupitia dhehebu la Kiyahudi linalotambuliwa. Kwa hivyo, tukiyasoma masharti kama yalivyoandikwa, mwongofu anastahili. Mtu anaweza kusema kuwa mjadala umekwisha na vitabu vifungwe. Hata hivyo, kustahili katika maandishi ni jambo moja na kukubaliwa kuwa ndugu ni jambo jingine. Makala haya yanashikilia kwamba mwongofu anastahili safari hiyo kwa haki kamili, wala si kwa hisani, na kwamba wanaomwalika wanawajibika kumtendea kama mrithi hata baada ya siku ya kumi.

Kuna wanaopinga. Husema kwanza kuwa fedha zilitolewa ili kuwarudisha kundini waliopotea, na mwongofu hakupotea. Yeye amekuja mwenyewe, tena kwa ari inayowashinda wengi waliozaliwa humo. Kwa nini basi atumiliwe fedha za kumwokoa asiyehitaji kuokolewa? Hoja hii ina mantiki ya mhasibu. Inamwadhibu mtu kwa bidii yake. Na endapo shabaha ni kukifanya kizazi cha vijana kiwe na kumbukumbu moja, basi ni nani anayeihitaji kumbukumbu hiyo kuliko yule ambaye hakusimuliwa na bibi yake? Kijana aliyezaliwa katika nyumba ya Kiyahudi ana meza ya Pasaka anayoikumbuka tangu utotoni. Mwongofu ana vitabu na mwalimu.

Husemwa pia kwamba watu wataongoka kwa tamaa ya safari ya bure. Anayesema hivyo hajui mlango wa kuingia Uyahudini ulivyo mwembamba. Mwongofu husoma kwa muda mrefu, aghalabu mwaka mmoja au zaidi. Huhojiwa na baraza la waamuzi watatu. Huzamishwa katika maji ya mikveh, na ikiwa ni mwanamume sharti atahiriwe. Ni vigumu kumfikiria mtu mwenye akili timamu atakayekubali kutahiriwa ukubwani kwa sababu ya tikiti ya ndege.

Hoja nzito ni ile inayouliza: uongofu wa nani? Uyahudi una madhehebu, yakiwemo ya Waorthodoksi, ya Wahafidhina, ambao kwa Kiebrania huitwa Masorti, na ya Wanamageuzi. Ofisi kuu ya marabi nchini Israeli imo mikononi mwa Waorthodoksi, na haiutambui uongofu uliofanywa na madhehebu mengine. Shirika la Birthright linautambua. Matokeo yake ni kuwa kijana mmoja anaweza kuwa Myahudi akiwa ndani ya basi la watalii, na asiwe Myahudi akiingia ofisi ya kusajili ndoa katika nchi ile ile. Lugha ya Kiswahili ina maneno mahususi kwa aingiaye dini: husilimu aingiaye Uislamu, na hubatizwa aingiaye Ukristo. Kwa aingiaye Uyahudi hatuna neno mahususi, na tunalazimika kuazima kitenzi cha jumla, kuongoka. Pengine upungufu huu si wa Kiswahili peke yake, kwani Wayahudi wenyewe hawajakubaliana tendo hilo hukamilika lini na mbele ya nani.

Walakini, suala la mwongofu na urithi wa nchi halikuanza na matajiri wa 1999. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria uliotungwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, kuna suala la mkulima mwongofu anayepeleka malimbuko hekaluni. Kila mkulima alitakiwa kutamka maneno ya kushukuru kwa nchi ambayo Mungu aliwaapia baba zake. Mishna ikaamua kuwa mwongofu alete malimbuko yake lakini anyamaze, kwa sababu baba zake hawakuapiwa kitu. Yaani anaruhusiwa kulima, kuvuna na kutoa, ila asiseme kuwa ni mrithi.

Karne nyingi baadaye, Musa bin Maimun, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 12 aliyeishi Misri na anayejulikana katika nchi za Magharibi kama Maimonides, alitoa hukumu kinyume na hiyo. Alisema mwongofu alete na atamke, kwa kuwa Ibrahimu alifanywa kuwa baba wa mataifa mengi, naye ni baba wa kila anayeingia. Tena mwongofu mmoja aitwaye Obadia alimwandikia akiuliza kama anaruhusiwa, katika sala zake, kumtaja Mungu kuwa ni Mungu wa baba zake. Musa bin Maimun alimjibu kuwa aseme kama wasemavyo wengine wote bila kubadilisha, na kwamba hapana tofauti yoyote kati yake na wao. Barua hiyo ingali inasomwa hadi leo. Ni vigumu kuona jinsi mtu anayeiheshimu anavyoweza kusema kuwa mwongofu hana mababu katika nchi ile. Aidha, katika Kitabu cha Ruthu, ambacho Wayahudi wengi hukisoma katika Sikukuu ya Majuma, mwanamke Mmoabi anaingia katika taifa la mkwewe na kuwa nyanya wa vizazi vya mfalme Daudi. Kama Ruthu angetakiwa kuonyesha cheti cha nasaba, Daudi asingezaliwa.

Sasa tutoke katika vitabu, twende Mbale, mashariki ya Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Huko waishi Abayudaya. Jina lenyewe halimsumbui mwanafunzi wa isimu: kiambishi aba- cha Kiganda ni ndugu wa wa- ya Kiswahili, na neno zima ni Wayahudi tu. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya nchi hiyo akitaraji kupewa ufalme, kisha akanyimwa. Alikuwa Mkristo, lakini kadiri alivyoisoma Biblia ndivyo alivyozidi kuvutwa na Agano la Kale. Mnamo 1919 alitahiriwa, akawatahiri na wanawe, na alipoambiwa kuwa tohara ni desturi ya Wayahudi alikubali kuitwa Myahudi. Hakuna rabi aliyetumwa kwake. Hakuna mmisionari aliyemhubiria. Alifariki mnamo 1928 akiwaachia wafuasi wake Sabato, tohara na masharti ya vyakula.

Wafuasi hao waliyashika mambo hayo katika hali ngumu. Utawala wa Idi Amin uliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, masinagogi yakafungwa, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu. Inakadiriwa kuwa jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibakiwa na mia chache. Waliobaki walisali kwa siri. Baada ya Amin kuondolewa mnamo 1979, vijana wao waliihuisha jumuiya. Mnamo 2002 kundi la marabi wa Kihafidhina lilifika huko, likaunda baraza na kuwaongoa rasmi mamia ya watu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba baadhi ya Abayudaya hawakulipenda neno uongofu. Waliuliza: Tunaongokaje kuingia katika dini tuliyozaliwa ndani yake, sisi na wazazi wetu? Walikubali tendo lile kama uthibitisho tu. Wengine, hasa wa kijiji cha Putti, walilikataa kwa sababu nyingine: walitaka kuthibitishwa na Waorthodoksi. Kiongozi wao mashuhuri, Gershom Sizomu, alisomea urabi Los Angeles, akahitimu mnamo 2008, na mnamo 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

Hapa ndipo mgawanyo wa aliyezaliwa na aliyeingia unapovunjika kabisa. Kijana wa Abayudaya wa miaka 20 ana baba Myahudi, babu Myahudi, na huenda baba wa babu yake alimjua Kakungulu mwenyewe. Kwa hesabu ya nyumbani kwao, yeye ni mzaliwa. Kwa hesabu ya wanaomtazama kutoka nje, yeye ni mwongofu, au mwana wa waongofu. Kijana wa Chicago mwenye mzazi mmoja Myahudi, asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania, hupita bila kuulizwa swali. Si kosa la kijana huyo, na safari ile ilianzishwa kwa ajili yake. Lakini tukiulizana ni nani kati ya hao wawili aliyelipia urithi wake, jibu haliko Chicago.

Mnamo 2016 Shirika la Kiyahudi, chombo kinachoshughulikia uhusiano wa Israeli na Wayahudi walio ng'ambo, liliwatambua Abayudaya kuwa jumuiya ya Kiyahudi. Mnamo Agosti 2018 vijana 40 kutoka Uganda waliwasili Israeli kwa safari ya Birthright, kundi la kwanza la aina yake kutoka nchini humo. Hilo lilikuwa jambo la heri, na wanaostahili sifa wapewe. Lakini katika mwaka huo huo, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la uraia la mwanajumuiya mmoja wa Abayudaya. Sheria ya Kurejea ya 1950, kama ilivyorekebishwa mnamo 1970, inamhesabu kuwa Myahudi aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, mradi asiwe wa dini nyingine. Haitaji rangi wala bara. Hata hivyo wizara iliona kuwa watu wa jumuiya hiyo hawamo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, mwombaji alishindwa mnamo 2021.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika kisa hiki mgeni ndiye anayeliomba jembe, na mwenyeji ndiye anayelificha. Anamkirimu kwa siku kumi, anampandisha Masada, anamwambia kuwa hapa ndipo kwenu, kisha anamsindikiza uwanja wa ndege. Kama Abayudaya si Wayahudi, walialikwa kwa msingi gani? Na kama ni Wayahudi, walisindikizwa kwa msingi gani? Wapo watakaojibu kuwa shirika si serikali. Ni kweli, ila serikali ni mmoja wa wachangiaji wa shirika hilo, na mkono unaotoa fedha ni wa mwili ule ule unaofunga mlango. Wala mashaka haya hayakuanza na Waganda. Wayahudi wa Ethiopia waliofikishwa Israeli katika miaka ya 1980, ambao hudai nasaba ya kale kabisa, walitakiwa na marabi wapitie uongofu wa tahadhari, wakaandamana mnamo 1985 kupinga dharau hiyo. Ikiwa mwenye kudai nasaba alitakiwa aongoke, na aliyeongoka anaulizwa nasaba, mwombaji Mwafrika ashike lipi?

Haifai kuyapita malalamiko mengine. Wapo wanaoipinga safari hii kutoka mizizini, wakiwemo vijana wa Kiyahudi wenyewe, kwa kuwa kijana wa Kipalestina ambaye babu yake alizaliwa Haifa au Yafa, akatoka mnamo 1948, hana wa kumlipia safari, na aghalabu hata akijilipia haruhusiwi kurejea kuishi. Hoja hiyo ni nzito kuliko yote yaliyotajwa hapa, na suala la waongofu haliijibu. Linachoweza kufanya ni kuwaondolea watetezi wa safari kisingizio kimoja: hawawezi kusema kuwa haki yao ni ya damu wanapomzungumzia Mpalestina, kisha wakaiita ya imani wanapomwalika mwongofu.

Wakenya hawako mbali na mambo haya kama wanavyodhani. Mnamo 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi ardhi katika Afrika Mashariki wajitawale. Mpango huo huitwa "wa Uganda", lakini ardhi iliyokusudiwa ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya, na hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Kongamano la Wazayuni lililokutana Basel mnamo 1905 liliikataa. Waliotafutiwa nchi hapa hawakuja. Waliojitokeza humu wenyewe, si mbali na ardhi ile, ndio wanaotakiwa wajieleze. Nao hawako Mbale tu. Huko Kasuku, katika Kaunti ya Nyandarua, kuna jumuiya ndogo ya Wakenya wanaoishika dini hiyo, wenye uhusiano wa karibu na Abayudaya.

Waandaaji wa safari wangeweza kufanya mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Vijana wa Uganda na wa Kasuku wangetengewa nafasi kila mwaka, si mara moja kwa ajili ya picha. Viongozi wa misafara wangefunzwa kutomuuliza mwongofu mbele ya wenzake alikuwa dini gani zamani, jambo ambalo Mishna yenyewe inalikemea. Na shirika, kwa kuwa lina sikio la serikali, lingesema hadharani kuwa linaowaita Wayahudi katika fomu zake linawaita hivyo kwa dhati.

Mnamo Desemba 2017 kijana mmoja wa Kasuku alitua katika uwanja wa ndege wa Ben Gurion akienda kusoma dini yake Yerusalemu. Alikuwa na viza mkononi. Alizuiliwa usiku huo na kurudishwa alikotoka. Miezi minane baadaye wale vijana 40 wa Uganda walipita katika uwanja huo huo, nao wakiwa na viza, wakakaribishwa. Waliongoka katika jumuiya zinazotegemeana, kwa kanuni zile zile. Tofauti ni kwamba wao walisafiri kwa jina la Birthright, naye alisafiri kwa jina lake.